Watachoka na Ngozi ya Ngoma

Sogeeni, wajukuu. Mwenye miguu mirefu aikunje, mwenye mdomo mrefu aukunje pia.

Zamani, ile zamani ambayo zamani nyingine zote huiamkia shikamoo, wakati mawe yalikuwa bado laini na wazee walikuwa na hekima nyingi kuliko leo, maana leo imebaki kwangu tu, palikuwa na Mtemi aliyeitwa Kapalata. Mtemi alikuwa na ngoma, na ngoma ilikuwa na nchi. Ikilia, watu wanalima. Ikinyamaza, majembe yanalala. Na juu ya ngoma hiyo palikuwa na sheria moja: anayeitoboa ngozi yake, naye hutobolewa kwa mkuki. Sheria fupi. Sheria ndefu ni za watu wanaotarajia kusamehewa.

Basi ngozi ya ngoma ikazeeka. Ngozi huzeeka, msinitazame hivyo. Akachinjwa fahali mweusi, ngozi yake ikawambwa juani, uani kwa Mtemi. Na desturi ilikuwa hii: ngoma ikiwa uchi, hakuna kuwinda. Mikuki ilale, mbwa wafungwe. Wazee wa baraza walisema ngoma ingeona haya kusikia mbwa wakikimbia. Haya ya ngoma waliijuaje, sijui. Wazee wale walijua mambo mengi, hasa ya vitu visivyoweza kuwajibu.

Aliishi huko mwindaji mmoja, Mihambo, mwenye mguu mmoja mzima. Wa pili aliuachia nyati auvunje. Mbio zake zilikuwa mbwa wake. Mbwa akipata, Mihambo alikula. Mbwa asipopata, Mihambo alisimulia jinsi alivyokuwa akila. Mbwa huyo aliitwa Watachoka. Jina lenyewe lilikuwa la majirani, si la mbwa. Kila akimwita, majirani walipata salamu zao bila yeye kugombana na mtu.

Watachoka akafungwa kamba. Mbwa aliyezoea kutoka alfajiri, anuse, afuate, apoteze, apate, sasa akapewa bakuli la ugali limejaa mpaka juu. Asubuhi anakula, anautazama ukuta. Mchana anautazama ukuta. Jioni ukuta unamtazama yeye.

Na watu wakasema, mbwa ana raha huyu.

Raha ikamzidi, akala kamba. Baada ya kamba akala mwiko wa Nyamizi, mke wa Mihambo. Baada ya mwiko akala mgwisho, ule usinga wa kufukuzia nzi, wa Mzee Lubigisa, mkuu wa baraza, ambaye alikuwa amekuja kutoa ushauri kuhusu mwiko. Kisha akatoka zake, akaenda uani kwa Mtemi, akatafuna ukingo wa ngozi ya ngoma.

Baraza likakaa. Mnajua baraza likikaa: kuinuka ndiyo kazi.

"Mbwa huyu ana pepo," Lubigisa akasema. "Achomwe mkuki."

"Pepo gani huyo anayekula migwisho, mzee wangu?" Mihambo akauliza.

"Pepo asiye na adabu."

Mihambo akapiga goti lake zima mbele ya Mtemi. "Mtemi, baba yetu, hajaitoboa. Ametafuna ukingo, na ukingo hukatwa. Ukimuua huyu, mimi na watoto wangu tutawinda nini? Mende?"

Mtemi Kapalata alikuwa mtu wa haki, au mtu mvivu wa kuchagua, wakati mwingine ni vigumu kutofautisha. Akasema, "Kesho mbwa akae kando ya ngozi, bila kamba, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Akiigusa, mkuki. Asipoigusa, arudi kwao. Baraza litailinda ngozi."

"Kwa macho yetu yote," Lubigisa akasema.

Mihambo akarudi nyumbani kama mtu anayebeba maiti ambayo bado inatingisha mkia. Nyamizi alikuwa akikoroga ugali kwa kijiti. Akamtazama mbwa, akakitazama kijiti, hasira zikampanda.

"Chakula cha bure ndicho kimekuharibu wewe," akamwambia mbwa. "Leo utakitafuta mpaka ujute."

Akachukua kibuyu kikuukuu chenye shingo nyembamba, akakijaza vipande vya nyama kavu, akakitupa uani. Alitaka kumkomoa. Msije mkasikia watu wakisema bibi yule alikuwa na huruma na wanyama; alikuwa na uchungu wa mwiko.

Watachoka akakisukuma kibuyu, akanusa, akangoja. Akakisukuma, akanusa, akangoja. Akakisukuma, kipande kikadondoka. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeokota.

Uani kukawa kimya. Mihambo akatoka mbio, kwa mbio zake zile.

"Mama Shija, umemuua?"

"Nimempa kazi."

"Kazi gani?"

"Hata mimi sijui, Baba Shija. Lakini mwiko wangu wa kijiti bado uko."

Kulipokucha wakaenda kwa Mtemi, mume, mke, mbwa na kibuyu. Lubigisa akawazuia mlangoni.

"Hicho ni nini?"

"Kibuyu, mzee."

"Ndani mna nini?"

"Nyama."

"Kwa nini nyama iwe ndani?"

"Ili isiwe nje, mzee," Nyamizi akajibu. "Mbwa afikiri namna ya kuitoa."

Lubigisa akacheka. "Mbwa afikiri? Kufikiri ni kazi ya baraza." Akawaruhusu waingie na kibuyu chao, ili aone vizuri wakiaibika. Kisha akaketi kando ya ngozi, fimbo yake ya ncha ya chuma mkononi, akaanza kulinda.

Mbwa naye akaanza kazi. Anasukuma, ananusa, anangoja. Anasukuma, ananusa, anapata. Jua likapanda, ngozi ikanukia fahali, na mbwa hata hakuigeukia. Wazee wengine wakasogea. "Akikiinamisha kitatoa," anasema huyu. "Akikibiringisha," anasema yule. Wakabishana kwa furaha ambayo baraza halijaiona tangu liundwe.

Jua lilipofika utosini, kibuyu kikaisha.

Watachoka akakisukuma, kimya. Akakisukuma tena, kimya. Akainua pua, na pua ikageuka, taratibu, kuielekea ngozi. Akapiga hatua. Mtu wa Mtemi aliyeshika mkuki naye akapiga hatua. Mihambo akainuka, mguu ukamkataa, akaanguka chali.

Nyamizi hakuita mtu. Kando yake palikuwa na chano cha mbuzi wa kuchoma, chakula cha mchana cha baraza, maana kulinda huchosha. Akakibeba, akakimimina chote katika lundo la makapi ya mtama, akavuruga kwa mikono miwili.

"Mama, hiyo ni nyama ya baraza," Lubigisa akasema.

"Naiona, mzee. Nanyi mmeiona. Asiyeiona ni yeye tu."

Pua ya Watachoka ikasimama. Ikageuka. Akaipita ile ngozi ya fahali kama mtu anayepita nyumba ya mdai, akazama ndani ya makapi hadi mabegani. Wazee wakasahau njaa, wakalizunguka lundo. "Kushoto, kushoto." "Mwacheni ajitafutie." Mpaka jioni wakawa huko.

Isipokuwa Lubigisa. Yeye hakuwa mtu wa kutazama mbwa. Alibaki palepale, kinywa kitupu, mikono mitupu, anailinda ngozi. Anailinda, anaigusa kidogo kwa fimbo. Anailinda, anaigonga kidogo. Anaigonga, anapiga miayo, anaigonga.

Jua likazama, Mtemi akatoka. Akamkuta mbwa amelala, makapi puani. Akaigeukia ngozi. Katikati palikuwa na tundu.

"Nani ametoboa?"

"Mbwa," Lubigisa akasema upesi.

Fimbo yake ilikuwa bado imesimama ndani ya tundu.

Hakuna aliyecheka, wajukuu. Sheria ilikuwa fupi, na mkuki ulikuwa umenolewa tangu asubuhi. Lubigisa akaitazama fimbo kana kwamba ameiona leo.

Mtemi akamgeukia Mihambo. "Wewe ndiye uliyekaribia kuuliwa mbwa wako. Nihukumu vipi?"

Mihambo akamtazama yule mzee kwa muda mrefu, mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mtemi, baba yetu," akasema, "huyu hana pepo. Ni mzima wa akili, na akili yake imeshinda njaa tangu asubuhi. Usimuue. Mama Shija atamtafutia kibuyu."

Mtemi akaamuru mkuki uwekwe chini. Akachinjwa fahali mwingine, na ngozi yake akapewa Lubigisa aikwangue manyoya mwenyewe, mpaka ing'ae. Wanasema ulikuwa mwezi ambao baraza lilitoa ushauri mchache kuliko miezi yote, na nchi ikastawi.

Basi shikeni hili. Akili nayo huona njaa, iwe ya mbwa, iwe ya mkuu wa baraza. Ukishibisha tumbo ukaisahau akili, itajitafutia chakula chake, na haitakuomba ruhusa.

Kisa kimefika kwake, kimevua viatu, kimelala. Nanyi kalaleni, atakayetangulia kuamka ndiye mwenye zamu ya kukiamsha.