Ubao wa Bi Rumaitha na Ndama wa Dahma

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja mdogo wa milimani huko Yemen palikuwa na zizi la wakfu. Mja mwema mmoja aliacha ng'ombe kumi na wanane ili maziwa yao yanywewe na mayatima, wajane na wasafiri. Akaweka masharti mawili: ndama asidhulumiwe fungu lake, na kila msimu uandikwe.

Kwa hiyo kila msimu ulipokwisha, mwandishi wa zizi alikabidhi ubao wenye habari za kila ng'ombe: ametoa vibuyu vingapi vya maziwa, amepewa dume lini, atazaa lini, na aachwe kukamuliwa siku gani ili apumzike miezi miwili kabla ya kuzaa. Hawakuhesabu kwa miezi ya mwandamo, kwa kuwa hiyo huhama na mvua hazihami nayo. Walihesabu kwa kuzama na kuzuka kwa Kilimia, zile nyota ambazo Waarabu huziita Thuraya.

Mwandishi alikuwa Bi Rumaitha bint Harmal, mjane mwenye watoto wanne, aliyepewa kazi hiyo kwa sababu alijua kuandika na hakujua kupendelea. Miaka kumi na mmoja ubao wake haukukosea. Mtu akibishana sana sokoni, wenziwe walimwambia, "Nyamaza, wewe si ubao wa Bi Rumaitha."

Ilipofika vuli ya mwaka wa kumi na mbili, homa iliingia nyumbani mwake. Akiinuka mtoto huyu, analala yule. Siku arubaini na zaidi Bi Rumaitha hakukanyaga zizini. Angeweza kusema, na hapana ambaye angemlaumu. Lakini siku ya kukabidhi ilipowadia, aliona haya kupeleka ubao mtupu. Akachukua ubao wa vuli ya mwaka uliopita, akaunakili. Hapa akapunguza kibuyu kimoja, pale akaongeza siku mbili, ili zisifanane mno. Kazi yenyewe ilimchukua muda wa kuchemka chungu cha dengu. Akaukabidhi, na akasifiwa kama kawaida.

Miezi ikapita. Siku moja mmoja wa wakamuaji wa zizi, mtu mzima aitwaye Shaqiri, alimjia mlangoni. Shaqiri hakuwa na jamaa katika mji ule. Miaka kumi na tisa alikuwa amelala kando ya ng'ombe na kula alichopewa na wakfu.

"Mama Ubaidi," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "yule ng'ombe Dahma tumbo limeshuka. Kwa macho yangu huyu yuko karibu. Nimwache kumkamua?"

Bi Rumaitha aliukumbuka ule ubao alioutunga. "Ubao unasemaje?"

"Unasema bado mwezi mzima kabla ya kumwacha."

"Basi fuata ubao."

Shaqiri akaitikia, akaenda. Bi Rumaitha alijiambia kwamba kesho atakwenda kumtazama ng'ombe mwenyewe. Kesho yake ikawa ya kusaga, na siku iliyofuata ikawa ya kufua. Baada ya hapo akaacha hata kujiambia.

Shaqiri aliendelea kukamua mpaka siku iliyoandikwa, na siku ya kumi baada ya hapo Dahma akazaa. Ndama hakuweza kusimama. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ambayo humpa ndama nguvu, yalitoka mepesi kama maji ya kuoshea mchele, kwa kuwa mama yake hakupata kupumzika. Siku ya tatu ndama akafa.

Sheikh Awsani, msimamizi wa wakfu, akaja zizini pamoja na watu. Alikuwa mcha Mungu, na mali ya mayatima ilikuwa nzito sana moyoni mwake. Kwa hesabu ya ubao, Dahma alikuwa amezaa siku hamsini kabla ya wakati.

"Ng'ombe hazai mapema hivyo bila sababu," alisema. "Kuna aliyempiga."

Mwenye shamba la kunde lililopakana na zizi akadakia, "Mimi nilimwona Shaqiri na fimbo! Anamfukuza Dahma kutoka kwenye kunde zangu."

"Nilimfukuza kwa mdomo," alijibu Shaqiri. "Fimbo ni ya kuegemea, goti hili halinitii. Na kama ningempiga, wewe ungekuwa wa kwanza kunishukuru. Kunde zilikuwa zako."

Watu wakacheka kidogo. Shaqiri akachuchumaa, akaufunua mdomo wa ndama aliyekufa. "Sheikh wangu, tazama meno haya. Yametoka. Tazama na manyoya, yameenea mpaka kwato. Huyu katimiza siku zake."

"Shaqiri, unashindana na ubao?"

Shaqiri akaufunga mdomo wa ndama, na wake pia.

Bi Rumaitha alikuwa amesimama nyuma, penye wanawake. Aliyaona meno. Alijua kwamba mzee yule anasema kweli, na alijua ni kwa sababu gani kweli yake haisikilizwi. Sheikh Awsani akamwita auchukue ubao na kuusoma, iwe ushahidi. Akausoma. Sauti yake haikutetemeka, na katika yote aliyoyafanya hilo ndilo lililomchoma zaidi baadaye: kwamba aliusoma uongo vizuri.

Ikahukumiwa kwamba Shaqiri ni mtu asiyeaminika kwa kiumbe asiyesema, na kwamba baada ya sala ya Ijumaa atatoka katika mji.

Ijumaa asubuhi Shaqiri alipita kugawa maziwa kwa mara ya mwisho, akafika mlangoni pa Bi Rumaitha. Yeye alitamani mzee aweke kibuyu chini na kwenda zake. Alikuwa amejiandaa kwa lawama, hata kwa laana. Lakini mzee alisimama, akatazama miguu yake.

"Mama Ubaidi, nataka kukuuliza jambo, usinicheke."

"Uliza."

"Ubao wako haujakosea tangu nikujue. Basi huenda nilimpiga kweli. Huenda hasira zilinipanda, nikasahau. Mtu husahau jambo kama hilo? Nimelala nikilitafuta, silioni. Nataka kujua, ili nikimwomba Mola msamaha nijue naombea nini."

Bi Rumaitha hakuweza kumtazama. Mtu mkweli alikuwa ameanza kujishuku, na aliyemfundisha kujishuku ni yeye. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni.

"Hukumpiga," alisema.

"Umejuaje?"

"Ningoje nichukue mtandio wangu."

Alitoka na mtandio, na mbao mbili kwapani: ya vuli ile, aliyorudi nayo kutoka zizini baada ya kuisoma, na ya vuli iliyotangulia. Wakaenda pamoja hadi ua wa msikiti, ambapo watu walikuwa wakitawadha. Akaziweka mbao mbele ya Sheikh Awsani, sambamba.

"Soma, Sheikh wangu."

Sheikh akasoma ubao wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi kwenye wa kwanza. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari.

"Hizi ni vuli mbili, au ni moja?"

"Ni moja. Hii ya pili nimeitunga. Watoto walikuwa na homa, sikufika zizini. Dahma sijui alipewa dume lini. Shaqiri alikuja akaniambia yuko karibu, nikamrudisha kwenye ubao. Ndama nimemuua mimi."

Maji yaliacha kumwagika kwenye birika zote. Mmoja akanong'ona, "Ubao wa Bi Rumaitha!" na mwingine akaficha kicheko katika kilemba chake. Bi Rumaitha alisikia vyote viwili.

Sheikh Awsani aliuliza taratibu, "Mbona hukuacha patupu? Ningepaona patupu, ningekwenda kumtazama ng'ombe."

"Niliona haya."

"Kwa watu, si kwa Mola," alisema Sheikh. Kisha akainamisha kichwa. "Na mimi nimeonyeshwa meno, nikatazama maandishi. Mwenyezi Mungu atusamehe sote wawili." Akamwendea Shaqiri, akamshika mkono mbele ya watu wote, akamwomba radhi.

"Mimi nimesamehe," alisema Shaqiri. Akamgeukia Bi Rumaitha. "Na wewe pia, Mama Ubaidi. Lakini Dahma bado anamlilia ndama wake pale alipolala. Kwa huyo siwezi kukusemea."

Bi Rumaitha aliomba aondolewe kazi ile. Sheikh Awsani alikataa. "Ukiondoka utakuwa umejificha. Utaandika, na kila Ijumaa utausoma ubao mbele ya wakamuaji, nao watakusahihisha."

Akaandika. Jambo asilolishuhudia kwa macho yake aliliandikia neno moja: "Sikuona." Katika msimu wa kwanza neno hilo lilitokea mara tisa, na wakamuaji walilihesabu kwa sauti alipokuwa akisoma. Inasemekana kwamba haya ile haikumtoka mpaka uzeeni, wala hakuomba imtoke.

Ndugu zetu, uchovu una udhuru. Mgonjwa ana udhuru, na mama mwenye wagonjwa ana udhuru, na Mola wetu ni mwingi wa kusamehe. Lakini udhuru husemwa. Ukizibwa kwa uongo, mzigo wake humwangukia mwingine, na mara nyingi ni yule anayetuamini kuliko wote. Mwenyezi Mungu atupe ulimi wa kusema "sijui" mapema, kabla mwenzetu hajavuliwa heshima yake kwa ajili yetu. Amin.