Ngoma ya Kombo na Mlango wa Bi Tatu

Sogeeni, na mwenye mafua ajifunike mdomo, maana hadithi yenyewe inaanzia kwenye chafya. Ndani ya kifua cha mama mmoja mpika maandazi palikuwa na mji uitwao Kifuani, na mji huo ulilindwa na ndugu watatu wa tumbo moja. Hakuna aliyewafunza kazi. Walizaliwa wanaijua.

Faki, mkubwa wao, alikaa barazani akifungua kila furushi linaloingia. Jicho lake liliujua uzi wa virusi, ule ubebao maagizo ya kuzaliana kwao: umesokotwa pacha, na wenyeji hawasokoti hivyo. Mize, dada yao, alikuwa na vidole. Alipapasa nyuzi zilizomo ndani ya nyumba, kwani uzi wa mwenyeji una fundo nchani, na usio na fundo ni wa adui. Kombo, kitinda mimba, hakujaliwa jicho wala vidole. Yeye alikuwa na ngoma. Ikilia, kila nyumba hukomea mlango, na askari wa damu hushuka na maji yao ya moto.

Siku moja mteja akampigia chafya mpika maandazi usoni. Virusi vya mafua vikamiminika.

Faki akafungua furushi, akauona uzi pacha. "Kombo, vimefika!" Asingeuona yeye, mji ungeendelea kupika chakula chake cha mchana.

Lakini furushi jingine lilikwisha kupita, likaingia nyumbani kwa Mize mwenyewe. Akapapasa, akakuta ncha haina fundo. Na mila ya Kifuani ni kali: nyumba iliyoingiwa hubomolewa pamoja na mwenye nyumba, virusi visije vikazaliana humo na kutoka. Mize angeweza kunyamaza. Akaita dirishani, "Ni hapa kwangu! Piga, mdogo wangu, usinitazame mimi!"

Kombo akapiga. Milango ikakomewa mtaa kwa mtaa, virusi vikabisha visifunguliwe, askari wakavimaliza.

"Basi! Vimekwisha," Faki akamwambia. "Weka ngoma chini."

Kombo alisikia. Hilo ndilo linalomtafuna mpaka leo, kwamba alisikia. Ila nyumba ya Mize ilikuwa imeshaanguka, na kwa uchungu wake aliona akinyamaza atakuwa amekubali kifo cha dada yake. Akazidi kupiga, askari wakazidi kumwaga maji, mtaa wa bondeni ukafurika, hata mpika maandazi akawa anahema kwa shida. Mikono yake ilipochoka ndipo maji yakapungua, na mama wa watu akavuta pumzi.

Watu wakafungua milango yao. Wa Bi Tatu, mkazi wa mtaa ule wa bondeni uliofurika, haukufunguliwa.

Wazee wakaketi kutoa kilemba cha Mlinzi Mkuu. Kilikuwa kimoja tu.

"Bila jicho langu, huyu angepiga ngoma ya nini?" akauliza Faki.

"Mama yetu alijitaja mwenyewe," wakasema wana wa Mize. "Nani mwingine alitoa roho yake?"

"Na ngoma ndiyo iliyofunga milango," akasema mzee mmoja. "Kombo, mwanangu, wewe wasemaje?"

Kombo aliona aibu hata kuinua uso. "Msinipe kitu, wazee wangu. Bi Tatu alikomea mlango kwa sababu mimi nilimwambia akomee. Adui hakuingia kwake. Yaliingia maji niliyoyaita mimi, naye amefia nyuma ya komeo. Ninyang'anyeni ngoma hii."

Mzee Makame, mume wa Bi Tatu, aliyekuwa mtaa wa juu siku ile, akasimama. Watu wakadhani atamlaani.

"Sijakusamehe," akasema. "Lakini chafya ikija kesho, ni nani atakayetuambia tufunge milango?"

Kombo akaiweka ngoma mbele ya wazee.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, kilemba kiko mkekani. Apewe Faki aliyeona, wana wa Mize aliyejitaja, au Kombo aliyepiga? Na ngoma je, utairudisha katika mikono ile ile? Je, wewe ungeamua vipi? Usiropoke tu, sema kama unayesema mbele ya Mzee Makame.