Jicho Moja la Sanamu ya Tatu

Haya, nibishieni! Shule niliikimbia, lakini hadithi hii hata mwalimu wenu haijui.

Mchoraji Piyadasa alipamba hekalu la watawa wa Buddha, lililochongwa ndani ya mwamba. Mwiko ulikuwa mmoja: macho ya sanamu huchorwa mwisho, mchoraji akiipa mgongo na kutazama kioo. Atakayekutana na mtazamo wake wa kwanza, atapofuka.

Mkewe Menike alimshikia kioo, yeye ameinamisha uso asiione sanamu. Sanamu ya kwanza ikafumbua macho, ikapumua. Ya pili ikafumbua, ikapumua. Ya tatu, lo! Piyadasa aliihangaikia mwaka mzima, hali, halali.

"Mimi hujanitazama hivyo hata siku moja," Menike akasema.

"Tulia, mke wangu. Limebaki jicho moja."

Menike akakishusha kioo makusudi. Brashi ikapotea njia, Piyadasa akageuka, na lile jicho lililokwisha kuchorwa likamtazama.

"Menike, mbona jua limezama mchana?"

Sasa hukaa mlangoni, wageni wakisifu dari aliyoichora, Menike akimlisha kwa mkono.

Basi, kuna kipande nilichokificha, msinizomee. Menike alipoinua uso siku ile, aliiona sura ya sanamu. Ilikuwa sura yake Menike mwenyewe.