Muosha Maiti na Neno Lililomkwama

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Yemen aliishi mwanamke mcha Mungu, Bibi Atika, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake na watoto bila kutaka ujira. Alikuwa na ada moja ambayo watu waliihesabu kuwa ni uchaji: hakumimina maji mpaka mama wa marehemu aseme "Alhamdulillahi" kwa sauti ya kusikika. Jirani yake, Lubna, alipofiwa na mtoto mchanga, ulimi ulimganda. Bibi Atika akasimama na kata ya kuchotea maji mkononi, maji hayateremki, mpaka yule masikini akalitamka neno kwa kuogopa tu. Uchaji mwingine, Mola atuepushe nao, ni mkavu kama ukuni.

Kisha Mola akamtwaa Rumaisa, binti wa Bibi Atika, naye hakuwa na mwingine. Lubna ndiye aliyekuja kuosha. Wanawake wakamkodolea macho mama mtu wakilisubiri neno lake, lisije. Lubna hakulingoja. Alimimina maji taratibu, akaosha, akamkafini kwa sanda.

Adhuhuri Bibi Atika alihirimia swala, akasoma Bismillahi, na alipofika kwenye Alhamdulillahi ya Fatiha, ambayo swala haitimii bila yake, neno likamkwama. Akarudia, akashindwa. Alasiri ikawa vilevile. Jua lilipozama alijiona amempoteza mtoto na sasa anaipoteza swala, hana tena pa kushika duniani wala akhera.

"Lubna mwanangu, nimeangamia," alimwambia jirani yake aliyebaki naye msibani. "Nikilitamka nitakuwa nasema uongo mbele ya Mola wangu. Moyoni sina furaha hata chembe."

"Mama, nani kakwambia maana yake ni kwamba umefurahi? Linasema sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Zilikuwa za Mola Rumaisa alipokuwa akicheka, na ni zake leo wewe ukiwa hivi. Halikukatazi kulia. Mimi nililielewa baadaye sana, nikiwa peke yangu, hakuna aliyenishikia kata."

Bibi Atika akainamisha uso kwa haya. "Nilikudhulumu, mwanangu. Nisamehe."

"Nilikwishakusamehe. Simama, magharibi inatupita."

Wakasimama. Akalitamka kipande kwa kipande, machozi yakimlowesha kifua. Wala tusidanganyane: halikumpa faraja usiku ule, na huzuni ya Rumaisa haikumtoka mpaka anaingia kaburini.

Ndugu zangu, neno hili tunalitupa ovyo tukiulizwa hali na tukishiba, kisha tunawakaba nalo waliofiwa. Mola anastahiki sifa hata pale mja asipokuwa na pumzi ya kuzitaja. Bibi Atika aliendelea kuosha maiti, na kila alipoingia nyumba ya msiba alimimina maji kwanza, akamaliza kazi yake, kisha akaketi na mama mtu wakalia pamoja.