Hodi ya Siku Saba

Paukwa!

Pakawa!

Nyamazeni basi, na wa nyuma asogee.

Hapo zamani za kale, katika kijiji fulani, hakuna aliyeingia nyumba ya mtu bila hodi. Ulipiga hodi mara tatu. Usipojibiwa, ulikwenda zako, hata ukimsikia mwenyewe anakohoa ndani.

Siku moja mbuzi wa Mashavu akaibwa. Jumbe akawakusanya watu. "Nipeni ruhusa ya siku saba," akasema, "watu wangu waingie bila hodi wamsake mwizi. Asiye na la kuficha ana hofu gani?" Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mashavu mwenyewe. Aliyekataa ni mmoja tu, Bi Mwatumu, ajuza msuka mikeka, ambaye mpaka leo tunamtaja. Wakamcheka.

Siku saba zikaenda. Zikaja nyingine saba, na nyingine, na nyingine. Mwizi hakuonekana, na watu wa Jumbe wakawa wanaingia tu. Kwata, kwata, kwata! Unakula, wamo. Unaoga, wamo. Watu wakazoea kunong'ona, kisha wakaacha hata kunong'ona.

Adhuhuri moja Kombo, mume wa Mashavu, akamwambia mkewe chumbani, "Jumbe huyu ametuchosha."

Kumbe wamo, ukumbini. "Kesho asubuhi utafukuzwa kijijini," wakamwambia, "na usirudi tena."

Mashavu akakimbia kwa Bi Mwatumu. "Bibi, nimemponza mume wangu. Mimi ndiye niliyepiga makofi."

"Ndiyo, ni wewe," akasema bibi, akaweka chini ukili aliokuwa akiusuka. "Nifuate, mjukuu wangu."

Wakaenda kwa Jumbe, wakaingia moja kwa moja. Jumbe alikuwa kajifunga khanga ya mkewe, ndevu zimejaa hina. Akaruka.

"Nani kawaruhusu?"

"Wewe. Au una la kuficha?"

"Hii ni nyumba yangu!"

"Ndiyo. Na ile ya Kombo ni ya nani?"

Bibi akamvuta Mashavu mpaka nje, akarudisha mlango, ndipo akaita.

"Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya.

"Haya, twende," akasema bibi.

"Bibi, na Kombo je?"

"Hakutukaribisha. Hata yeye ana haki hiyo."

Mashavu alimchukia bibi kwa neno lile. Siku ile hakula wala hakuweza kukaa kitako.

Asubuhi akasikia: kwata, kwata, kwata. Akamshika Kombo mkono. Nyayo zikafika mlangoni, zikasimama.

"Hodi." Ilikuwa sauti ya Jumbe mwenyewe.

Mashavu hakujibu.

"Hodi."

Kombo akabanwa na kikohozi, akakimeza.

"Hodi."

Kimya. Kisha kwata, kwata, kwata, nyayo zikarudi zilikotoka, na Kombo akabaki kijijini.

Nanyi mnaonisikiliza, msiitoe hodi yenu, hata kwa siku moja, hata mbuzi wenu wote waibwe. Na mkitaka yenu iheshimiwe, iheshimuni ya yule msiyempenda, maana hapo ndipo penye kazi.

Hadithi yangu naitua hapa. Aliyesinzia amuulize jirani yake, ila apige hodi kwanza.