Nyungu Isiyo na Majani

Hadithi imefika mlangoni, ipisheni iketi.

Zimwi lilimkalia Mwanakheri kifuani, akawa hapati pumzi. Shangazi yake, Bi Zuhra, akamfunika blanketi, akamfukiza nyungu, huku akimsugua mgongo na kumwambia, "Litatoka, mwanangu." Likatoka mbio, naye akapumua.

Chungu kilipotolewa nje, zimwi likachungulia ndani, likaona maji matupu. Kwa haraka zake, shangazi alisahau kutia majani ya dawa. Likarudi mlangoni.

"Mwanakheri, umedanganywa. Nyungu haikuwa na dawa."

Akajivutia blanketi. Likarudia. Kifua kikaanza kumbana. Liliporudia mara ya tatu, akakumbuka ule mkono mgongoni.

"Sawa, yalikuwa maji," akajibu. "Na wewe ulikimbia nini?"

Mpaka leo zimwi linazunguka likitafuta jibu. Mkikutana nalo, msilisaidie.