Bi Kanga na Lugha ya Tembo

Hadithi inabisha hodi!

Ifungulieni iingie!

Zamani, zamani sana, ukame uliingia bondeni. Visima vikakauka, kikabaki kimoja tu. Tembo wakaja kutoka mbali, wakakizingira. Hawakuwa wabaya, ila lugha ya bondeni hawakuielewa. Ukiwasemesha, wanakutazama tu.

Bi Kanga alikulia huko kwa tembo, na lugha yao aliijua. Basi kila asubuhi akawaketisha wanyama, akawafundisha namna ya kuomba njia.

"Semeni: Humba ruu!"

"Humba ruu!"

"Tena!"

"Humba ruu!"

"Tena!"

Akarudia mpaka sauti ikamkauka na shingo ikamuuma. Ngiri alipaza sauti mpaka povu likamtoka. Nungunungu ulimi ulimkwama, lakini hakunyamaza. Pimbi yeye alichezesha midomo tu, sauti hatoi.

Bi Kanga alimwona. Alitaka kumkemea, akakosa nguvu.

Siku ya kwenda kisimani ikafika. Ngiri akasema, "Humba ruu!" Tembo wakampisha, akanywa. Nungunungu akasema, "Hu... humba ruu!" Tembo wakacheka, wakampisha, akanywa. Pimbi akaja kifua mbele: "Rumba huu!"

Lo! Kwa tembo hilo ni tusi. Tembo mmoja akamnyanyua kwa mkonga, akamtupa miibani, puu!

Pimbi akarudi akichechemea. Bi Kanga ndiyo kwanza amejilaza kichakani, anafumba macho.

"Mwalimu, nifundishe tena. Wanangu hawajanywa tangu jana."

"Mbona nilipofundisha hukusema?"

"Niliona haya kusikika nikikosea."

Bi Kanga akashusha pumzi. Mwili wote ulikataa. Akainuka taratibu, akajikung'uta vumbi.

"Sema: Humba ruu."

"Rumba..."

"Tena."

Jua likapanda, jua likashuka, Pimbi anasema, anakosea, anasema. Mwisho neno likamkaa mdomoni. Akawachukua wanawe, akaenda, akapaza sauti: "Humba ruu!" Tembo wakasogea. Watoto wakanywa mpaka matumbo yakawavimba.

Pimbi akarudi kushukuru. Akamkuta Bi Kanga amelala fofofo, mdomo wazi. Hakumwamsha. Akamwekea maji kwenye jani, akakaa kando yake kumfukuzia nzi.

Basi wanangu, lugha ya wenzenu isemeni kwa sauti. Mkikosea, rudieni. Na anayewafundisha msimchoshe bure, naye ana mwili kama nyinyi.

Ngano imekwisha. Tamu yake nendeni nayo nyumbani, chungu yake nitaimeza mwenyewe.